Saa 44 za udereva hazijazwi usiku mmoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wazazi wa Kiswahili walioko Marekani, hasa jimbo la Texas, ambako lugha yetu siku hizi inasikika Fort Worth, Houston, Abilene mpaka Amarillo. Nataka kuzungumzia fomu ya saa za kuendesha gari, ile ambayo mzazi anayemfundisha mwanawe udereva hutakiwa kuijaza na kuisaini. Nyumba nyingi huijaza usiku mmoja, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, na mara nyingi mwandiko wenyewe ni wa mtoto.

Chanzo cha hali hiyo hakifichiki. Maelekezo yako kwa Kiingereza, mtoto anakijua Kiingereza kuliko baba, kwa hiyo mwanafunzi ndiye anayemweleza mwalimu sheria. Anasema, "Baba, weka sahihi hapa," na baba anaweka. Sina sababu ya kuwalaumu watoto. Mtu wa miaka 15 anayetaka gari atafasiri sheria kama mtu wa miaka 15 anayetaka gari. Ninachotaka ni mzazi aijue hesabu yeye mwenyewe.

Texas humruhusu mtoto kuanza masomo ya darasani akiwa na miaka 14, na kupata leseni ya kujifunzia, ambayo wengine tunaiita lena, akifika 15. Mzazi aliyetoka Kenya au Tanzania, ambako leseni ya gari husubiri miaka 18, hushtuka kidogo hapo, na kushtuka huko kuna faida. Idara zinazohusika ni mbili na watu huzichanganya. TDLR husimamia masomo yenyewe: kozi, mwongozo wa mzazi na masharti ya saa. DPS hutoa leseni na kufanya mtihani wa barabarani. Ukienda DPS kuuliza habari za kozi, au ukawaandikia TDLR kuomba miadi ya mtihani, utazungushwa bure.

Hatua ya kwanza kabisa ni mwongozo wa mzazi unaotolewa na TDLR kwa dola 20. Usiuchukulie kama kijitabu cha kusoma ukipata nafasi, maana tarehe ya kuupata ndiyo mwanzo wa hesabu. Saa zozote ulizomfundisha mtoto kabla ya hapo hazihesabiwi, hata kama alikuwa anaendesha vizuri kuliko wewe. Kuna familia zinazonunua kozi ya mtandaoni kwanza, mtoto anasoma wiki mbili, ndipo mtu anakumbuka mwongozo. Anza na mwongozo, kisha kozi.

Sasa swali la nani anaruhusiwa kufundisha, na hapa ndipo wageni wengi hukwama. Sheria inamkubali mzazi wa kuzaa, wa kambo au wa kulea, babu au bibi, na mlezi wa kisheria. Lakini mtu huyo lazima awe amekuwa na leseni halali kwa miaka 3 iliyopita, na katika miaka hiyo isiwe imesimamishwa au kufutwa kwa kosa la uendeshaji. Asiwe pia ametiwa hatiani kwa kuendesha akiwa amelewa katika miaka 7 iliyopita. Baba aliyepata leseni yake mwaka jana bado hajafikia sharti hilo, hata kama ni dereva hodari.

Familia ya namna hiyo ina njia mbili. Mzazi anaweza kumteua mtu mwingine mwenye miaka 25 au zaidi na uzoefu wa kuendesha usiopungua miaka 7, mradi asitoze malipo. Neno hilo la malipo lizingatiwe. Mjomba au jirani wa kanisani akipokea "chai" kila Jumamosi, ameshatoka kwenye sharti, na wewe unayesaini unajua. Njia ya pili ni kuacha mtoto asome nadharia mtandaoni na kuzikabidhi saa za gari zinazohitaji mwalimu kwa shule ya udereva yenye leseni. Ni gharama, ila ni gharama ya saa 14 tu wala si ya 44, kwa sababu nitakayoeleza.

Saa za darasani sitazisumbukia. Kompyuta inazihesabu yenyewe, ukurasa haufunguki kabla muda wake haujatimia, na mtoto akiondoka kwenda kula, saa husimama. Kitu kimoja tu hapo kinastahili kusemwa. Kozi huweza kusomwa kwa mitindo miwili. Katika mmoja, mtoto humaliza nadharia yote ndipo aende DPS. Katika mwingine, humaliza saa 6 za mwanzo, zile za sheria za barabarani, akaenda kuchukua lena, kisha akaendelea na nadharia huku akiendesha. Mimi hupendekeza mtindo wa pili bila kusitasita, kwa sababu lena lazima ikae mkononi miezi 6 kabla ya mtoto kupewa leseni ya kuendesha peke yake, na miezi hiyo huanza kuhesabiwa siku lena ilipotolewa. Siku aliyojiandikisha kwenye kozi haiingii katika hesabu hiyo. Mtoto anayeburuta nadharia miezi mitano bila lena amejiongezea miezi mitano ya kusubiri, kisha analaumu serikali.

Siku ya kwenda DPS kuchukua lena, mzazi aende naye kusaini. Pamoja na hati za utambulisho, za uhalali wa kukaa nchini na za makazi, kuna karatasi kutoka shule anayosoma inayothibitisha kwamba ameandikishwa na anahudhuria. Karatasi hii huharibikia watu kwa sababu ina muda wake: siku 30 wakati wa masomo, siku 90 wakati wa likizo ya kiangazi. Miadi ya DPS huweza kuwa mbali kwa wiki kadhaa. Ukiiomba karatasi leo na miadi iko wiki ya sita, itakuwa imekufa kabla hujafika mlangoni. Weka miadi kwanza, halafu uiombe shuleni wiki moja au mbili kabla. Ada ya leseni yenyewe ni dola 16.

Tuje kwenye saa za gari. Jumla ni 44, lakini zimegawanyika katika mafungu matatu, na kila fungu lina sharti lake.

Saa 7 za kwanza ni za mafunzo ya kuendesha: mtoto yuko kwenye usukani na mwalimu wake aliyekubaliwa yuko kando yake. Saa 7 nyingine ni za kutazama: mtoto amekaa kama abiria, mwalimu anaendesha na kueleza anachokifanya. Hizi ndizo saa 14 ambazo shule ya udereva inaweza kukufanyia. Zinazobaki, 30, ni za mazoezi, na angalau 10 kati yake ziwe za usiku. Kwa hizi 30 si lazima mwalimu awe yule yule. Anatosha mtu mzima wa miaka 21 au zaidi, mwenye leseni halali na uzoefu wa kuendesha wa mwaka mmoja au zaidi, akikaa kiti cha mbele karibu na dereva. Kwa hiyo mama aliyepata leseni mwaka juzi, ambaye hakufikia sharti la miaka 3, anaweza kumsimamia mtoto katika hizi 30. Kaka mkubwa wa miaka 23 pia. Sehemu kubwa ya mzigo inaweza kugawanywa nyumbani, nayo familia nyingi haijui hilo, inamwachia baba mmoja anayefanya kazi zamu mbili.

Kuna sharti jingine ambalo ndilo linalozifichua fomu za usiku mmoja. Kwa siku moja huhesabiwa saa moja tu ya kuendesha, hata kama mtoto ameendesha saa nne. Ukimpa usukani kutoka Houston mpaka Dallas, safari ya saa nne hivi, umempa mazoezi mazuri, ila kwenye fomu utaandika saa moja. Sasa piga hesabu. Saa 7 na saa 30 ni 37, na saa moja kwa siku maana yake ni siku 37 tofauti. Hakuna namna ya kuzimaliza katika wiki mbili za mwisho kabla ya mtihani. Fomu yenye mistari 30 iliyopangwa kati ya tarehe 1 na tarehe 12 ya mwezi mmoja inajisema yenyewe.

Kwa upande mwingine, miezi 6 ni kama wiki 26. Ukiendesha naye siku mbili kwa wiki, unapata siku 52, na bado umebakiwa na nafasi ya wiki za mvua, za mitihani ya shule, za gari kuwa gereji na za mama kuwa zamu. Huo ndio mpango ninaowashauri watu: siku mbili kwa wiki tangu wiki ile lena inapotoka. Ukipoteza miezi mitatu ya mwanzo, wiki zinabaki 13, na sasa unahitaji karibu siku tatu kila wiki bila kukosa. Hapo ndipo kalamu moja na usiku mmoja huanza kutamanisha.

Saa 10 za usiku zinahitaji akili ya kalenda. Kwa sheria za barabarani za Texas, usiku huanza nusu saa baada ya jua kutua na kuisha nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Giza si kipimo, saa ya chakula cha jioni pia si kipimo. Mwishoni mwa Juni, jua la Dallas na Fort Worth hutua kama saa 2:40 usiku kwa saa zetu, kwa hiyo usiku wa kisheria hauanzi mpaka saa 3:10. Mtoto ana usingizi, mzazi ana zamu ya alfajiri, na saa ya usiku inakuwa adhabu. Mwanzoni mwa Desemba jua hilo hilo hutua kama saa 11:20 jioni, na ikifika saa 12 jioni tayari uko usiku halali kabisa. Saa ya usiku mwezi Desemba ni safari ya kwenda dukani kabla ya chakula. Mwenye lena ya Septemba azimalize saa zake 10 kati ya Novemba na Februari, asiziache zikamkuta Juni.

Wanaofanya kazi usiku, na katika viwanda vya nyama vya huko Amarillo wako wengi, wanaweza kutumia alfajiri. Mwanzoni mwa Januari jua la Amarillo huchomoza karibu saa 1:55 asubuhi, hivyo kuanzia saa 11 mpaka saa 12 alfajiri ni usiku safi. Ila mzazi aliyetoka kusimama saa kumi kwenye mashine asikae kiti cha mwalimu. Gari lako halina breki ya pili upande wa abiria kama magari ya shule. Macho yako ndiyo breki ya pili.

Na kwa kuwa tumetaja saa: sisi tuliozoea saa za Kiswahili huandika kosa moja ambalo karani wa DPS hawezi kulielewa. Baba ametoka na mtoto saa mbili usiku, anaandika 2:00 mpaka 3:00. Anayesoma anaona saa nane za mchana, au saa nane za usiku wa manane. Safu ya usiku imetiwa alama, muda ulioandikwa ni wa mchana, na saa halali kabisa inaonekana ya uongo. Andika 8:00 PM mpaka 9:00 PM. Jizoeze kutoa au kujumlisha sita kabla kalamu haijagusa karatasi.

Kuhusu kinachofanyika ndani ya saa hizo, kuna wazazi wanaodhani ni kukaa kando na kupiga kelele. Saa 3 au 4 za mwanzo zifanyike kwenye uwanja mtupu wa maegesho, wa shule au wa kanisa, siku pasipo watu. Kukanyaga breki polepole mpaka gari lisimame bila kumtupa abiria mbele. Mguu wa kulia peke yake kwa breki na mafuta. Wa kushoto ukae chini, kwa sababu mtoto anayetumia miguu miwili kwenye gari la gia za otomatiki siku ya hofu atakanyaga vyote pamoja. Kurudi nyuma kwa mstari ulionyooka huku ameugeuza mwili na kutazama kioo cha nyuma, asitegemee kamera. Kupaki sambamba na ukingo wa barabara, ambako kumo kwenye mtihani wa Texas na ndiko kunakowaangusha wengi: weka mapipa mawili ya taka matupu mahali pa magari, arudie mpaka achoke.

Kabla ya kutoka uwanjani, kubalianeni maneno ya amri, nayo yawe machache: punguza, breki, endelea, kushoto, kulia, sawa. Kwa Kiswahili tuna bahati hapa. Kiingereza hutumia neno moja, "right", kwa "kulia" na kwa "sawasawa", na mtoto anayeuliza kama akate kushoto, akajibiwa kwa neno hilo, anaweza kugeuza usukani upande mwingine katikati ya makutano. Mfundishe kwa Kiswahili hata kama yeye anakujibu kwa Kiingereza.

Jaribu pia hendibreki ukiwa bado uwanjani. Ikiwa ni ya mkono katikati ya viti, unaweza kuivuta ukiwa upande wa abiria. Ikiwa ni kitufe, jua kiko wapi na gari linafanya nini ukikishikilia likiwa linatembea polepole, kwa sababu siku utakapokihitaji hutakuwa na muda wa kukitafuta.

Mzazi aliyejifunza kuendesha Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, ambako magari hupita kushoto, ana kazi ya ziada ambayo mwenzake wa Bukavu au Bujumbura hana. Macho yake bado yana tabia ya zamani. Akiwa kwenye usukani amesharekebika, lakini akikaa kiti cha abiria, na akishtuka, hutazama upande usiofaa na kusema "pita" wakati gari linakuja. Ajue hilo kuhusu nafsi yake. Kwenye makutano, asiseme "pita" kamwe. Amwache mtoto aseme kwa sauti alichokiona kushoto, mbele, kulia na kushoto tena, yeye athibitishe tu.

Baada ya uwanja, nendeni mitaani kwenye maili 30 kwa saa, halafu barabara za taa na leni nyingi. Alama ya kusimama ni kusimama kabisa, magurudumu yakatulia. Kusimama kwa kunyatia kunamwangusha mtoto kwenye mtihani hata kama barabara ni tupu. Kwenye makutano ya alama nne, aliyesimama kwanza huondoka kwanza, na mkifika pamoja, wa upande wa kulia ana haki. Kulia kwenye taa nyekundu kunaruhusiwa baada ya kusimama, pasipo bango la kukataza. Kushoto kwenye taa ya kijani isiyo na mshale ni kusubiri wanaokuja mbele, na hili ndilo zoezi linalohitaji siku nyingi kuliko yote, kwa sababu mtoto lazima akadirie mwendo wa gari linalomjia na kuvumilia honi za walio nyuma yake. Basi la shule likiwasha taa nyekundu za kumweka, husimama wanaolifuata na wanaokutana nalo, isipokuwa wale walio ng'ambo ya barabara iliyotenganishwa katikati. Faini yake huanzia dola 500.

Haiwei, yaani barabara kuu za mwendo kasi, zije baadaye, si kabla ya saa 12 au 15 za mazoezi kwa maoni yangu, na mara ya kwanza iwe Jumapili asubuhi. Kosa la wanafunzi wengi liko kwenye njia ya kuingilia: wanaogopa, wanapunguza mwendo, wanasimama mwishoni mwa njia huku magari yanapita kwa maili 65. Na mzazi anaongeza kosa kwa kupaza sauti, "Simama!" Njia hiyo ipo ili gari lipate mwendo. Mtoto akanyage mafuta mapema, aangalie kioo na bega la kushoto, achague nafasi, aingie kwa mwendo wa wenzake. Akishaingia, umbali wa kumfuata aliye mbele ni sekunde 4, hesabu kuanzia anapopita nguzo fulani. Kwa maili 60 kwa saa gari hula karibu mita 27 kila sekunde, kwa hiyo sekunde 4 ni kama mita 107, urefu wa uwanja wa mpira. Mwambie hivyo, ataelewa. Maili na futi hazimwingii hata yeye aliyezaliwa huku.

Texas ina kitu kingine ambacho hukuzoea ulikotoka: barabara za pembeni zinazofuatana na haiwei pande zote mbili. Anayetembea kwenye barabara hiyo ya pembeni ndiye anayempisha anayetoka haiwei, na pia anayeiacha barabara hiyo kuingia haiwei, hata kama yeye amenyooka na mwenzake anamkatiza. Wageni hubishana kwa honi hapo kila siku, na hawana haki.

Saa 7 za kutazama ndizo zinazodharauliwa kuliko zote. Mtoto akiwa abiria na simu mkononi hajatazama kitu, hata kama mmekwenda mpaka Austin. Ifanye hivi: wewe unaendesha na kusema kila unachokiona kabla hujakifanya. "Taa ile imekuwa kijani muda mrefu, naondoa mguu kwenye mafuta. Gari lile limepinda tairi, litatoka." Baada ya dakika 20, yeye ndiye aseme na wewe uendeshe. Utagundua haraka asichokiona. Saa mbili kati ya hizo zifanyike kwenye mvua, hasa dakika za mwanzo za mvua baada ya ukame mrefu, lami ikiwa bado na mafuta juu yake. Huko ni mahali pa kuonyesha, bado si pa kumpa usukani.

Piga simu kwa kampuni ya bima kabla ya saa ya kwanza, wala usingoje leseni. Uliza kama mwenye lena anafunikwa na bima yako au lazima jina lake liongezwe, na uombe jibu kwa maandishi.

Sasa turudi kwenye sahihi. Fomu hiyo hupelekwa serikalini, na kusaini uongo kwenye hati ya serikali ni kosa la jinai Texas. Kwa mtu ambaye bado anaomba ukaazi au uraia, si jambo la kuchezea kwa sababu ya haraka ya mtoto. Fomu iwekwe ndani ya gari, kwenye droo ya dashibodi, na kalamu yake. Ijazwe injini ikizimwa: tarehe, muda, mchana au usiku, na sahihi ya aliyekuwa kando ya dereva siku hiyo. Mama akiwa ndiye aliyekaa, asaini mama. Fomu ya kweli ina mwandiko wa watu wawili au watatu, wino tofauti na wiki mbili tupu mwezi ambao mtu aliumwa. Kila Jumapili ipige picha kwa simu, maana karatasi moja ikipotea, miezi mitano imekwenda nayo.

Najua wapo watakaouliza: kwa nini nihangaike na 44, wakati akifika miaka 18 anatakiwa kozi ya saa 6 tu? Ni kweli. Kuanzia miaka 18 mpaka 24 sheria hudai kozi ya watu wazima ya saa 6, haina saa za gari ndani yake, na hakuna kungoja miezi 6 ya lena. Kijana aliyefika Marekani na miaka 17 na nusu pengine hana njia nyingine, na simlaumu. Lakini mwenye mtoto wa miaka 15 anayesubiri kwa makusudi ili akwepe saa hizi ananunua urahisi wa karatasi. Mtihani wa barabarani ni ule ule, haiwei ni ile ile, na mtoto wa miaka 18 hatakaa tena na mama kwenye gari siku 37.

Mwishoni, saa zikikamilika na cheti cha kumaliza kozi, kile cha DE-964, kikiwa mkononi, kuna saa 2 nyingine ambazo hazimo kwenye 44: mafunzo ya video ya DPS kwa madereva wa miaka 16 na 17, bure mtandaoni. Cheti chake huishi siku 90. Wapo wanaoitazama mwezi wa kwanza kwa sababu haina malipo, na siku ya mtihani imeshakwisha muda. Itazameni mkishamaliza kozi na kupata tarehe ya mtihani. Siku hiyo bebeni lena, DE-964, fomu ya saa, cheti cha video, kadi ya bima na usajili wa gari. Gari nalo hukaguliwa kabla ya mtoto kuruhusiwa kuondoka, na taa moja ya breki iliyoungua humrudisha nyumbani baada ya wiki za kungoja miadi. Asubuhi kabla ya kutoka, mwambie akae kwenye usukani akanyage breki, wewe usimame nyuma ya gari, kisha awashe indiketa ya kushoto, ya kulia, apige na honi.

Msomaji wako,
Fort Worth, Texas